Ufundi wa Ndege: Nadharia Yafika Murongo, Hanga Bado Liko Mbali

Mafunzo ya fundi wa ndege yana sehemu mbili zisizofanana kwa gharama. Nadharia, kuanzia fizikia na umeme hadi sheria za anga na namna uchovu unavyozaa makosa kazini, husomeka kwenye kompyuta. Vitendo huhitaji hanga, injini iliyofunguliwa na fundi mwenye leseni aliyesimama pembeni. Mfumo mseto wa kusoma mtandaoni na ana kwa ana, ulioshika kasi UVIKO-19 ilipofunga madarasa mwaka 2020, umeirahisisha sehemu ya kwanza tu.

Kanuni zenyewe haziruhusu zaidi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linamtaka mwombaji wa leseni awe na uzoefu wa miaka 4, au miaka 2 akiwa amehitimu kozi iliyoidhinishwa. Ulaya, kozi ya msingi ya fundi wa ndege za injini za tabo ni saa 2,400, na nadharia haipaswi kuzidi asilimia 60. Zinabaki saa 960 au zaidi za kushika spana.

Kwa Murongo, mji wa mpakani wilayani Kyerwa, hesabu hiyo ina uzito wake. Kijana aliyezoea kufungua injini za bodaboda mkono anao; cheti ndicho hana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), kinachofundisha ufundi huo, kiko Mabibo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Uganda, kupitia Kikagati, Mbarara na Kampala, kuna chuo cha urubani na ufundi wa ndege cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Kwa barabara, Soroti ni karibu zaidi. Ada, makazi na utambuzi wa vyeti ni mambo mengine, na mara nyingi ndiyo yanayoamua.

Mahitaji yapo. Air Tanzania ilipokea Q400 mwaka 2016, Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, kisha 767 ya mizigo na 737 MAX mwaka 2023. Kila aina ya ndege hudai mafunzo yake juu ya leseni ya msingi, hivyo fundi wa Q400 hawezi kuisaini A220 kwa ujuzi wa jumla. Msururu wa aina nyingi katika kundi dogo la ndege ni mzigo mzito kwa bajeti ya mafunzo.

Njia isiyotajwa sana ya kupata vitendo ni karakana za ndege ndogo za Arusha na Zanzibar. Cessna Caravan ina injini moja, na mwanagenzi huigusa karibu yote: kukaza boliti kwa kipimo, kufunga waya wa usalama, kukagua ndani ya injini kwa kamera nyembamba. Kila kazi huandikwa kwenye daftari lake na kusainiwa na aliyemsimamia. Wasimamizi hao ndio wachache, na kila mmoja huweza kufuatilia mikono michache tu kwa wakati mmoja.