Risiti ya Kitale, Saa ya Bungoma: Kwa Nini Mashine Hupishana Saa

Tuseme mfanyabiashara amepakia mahindi Kitale na kulipia ushuru saa mbili na dakika tano asubuhi. Anapewa risiti, na lori linashika barabara ya Kimilili na Chwele kuelekea Bungoma. Kwenye kizuizi, saa ya mashine ya afisa wa ushuru inaonyesha 10:40. Risiti inasema malipo yalifanyika 11:05. Afisa akiitazama, anaona risiti ya malipo ambayo bado hayajafanyika. Mfanyabiashara anaambiwa risiti ni bandia, lori linazuiliwa na mahindi yanakaa juani.

Katika mfano huu hakuna aliyeghushi. Malipo yalifanyika na pesa zikapokelewa. Kilichopotoka ni saa ndani ya mashine. Kwa kuwa huduma nyingi za umma sasa hutegemea vifaa vidogo vya elektroniki, kuanzia mashine za risiti na kamera za usalama hadi vipima maji vya mtoni, ni vyema mkazi ajue jinsi vifaa hivyo vinavyopata saa, kwa nini hupotea, na mafundi huanzia wapi kuvirekebisha.

Saa hutoka wapi

Kwa kufuata jua, Bungoma iko nyuma ya Kitale kwa karibu dakika mbili, kwa sababu iko magharibi zaidi. Saa ya Afrika Mashariki nayo hulingana na jua la mahali palipo mashariki zaidi, na ndiyo maana Kitale jua hufika utosini takriban dakika 40 baada ya saa sita mchana. Kila mji ungefuata jua lake, biashara isingewezekana. Kwa hiyo Kenya nzima hutumia saa moja, iliyo mbele ya saa ya dunia, ambayo wataalamu huiita UTC, kwa saa tatu kamili.

Vifaa vingi vya aina hii ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Ndani yake Linux huhesabu kwa UTC, kisha huongeza saa tatu inapomwonyesha mtu wakati. Hesabu hiyo hutegemea kipande kidogo cha fuwele ambacho, katika saa nyingi, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Fuwele ya kawaida ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, saa hupotoka kwa sekunde 1.7 kwa siku. Kwa mwezi hizo ni karibu sekunde 52, na kwa mwaka zaidi ya dakika 10. Mashine moja ikikimbia na nyingine ikichelewa kwa kiasi hicho, baada ya mwaka zitapishana kwa dakika 20 na zaidi.

Dawa yake ni kuuliza saa kwa mwingine. Utaratibu unaotumika duniani kote unaitwa NTP. Uliasisiwa na David Mills wa Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1985. Mashine hutuma ujumbe kwa seva yenye saa sahihi, na seva hujibu. Ugumu ni kwamba ujumbe huchukua muda njiani, hivyo jibu likifika saa iliyoandikwa ndani yake imeshapita.

NTP hulitatua hilo kwa hesabu. Chukua mashine ya Kitale inayotuma swali saa yake ikisema 10:00:00. Seva inapokea swali saa yake ikisema 10:05:02, na inajibu saa 10:05:03. Jibu linafika Kitale mashine ikisoma 10:00:05. Safari nzima imechukua sekunde tano, moja ikitumika ndani ya seva. Zinabaki nne za njiani, yaani mbili kwenda na mbili kurudi. Basi swali lilifika kwa seva wakati mashine ikisoma 10:00:02, ilhali seva ilisoma 10:05:02. Mashine iko nyuma kwa dakika tano kamili. Hesabu hii hushika vizuri ikiwa kwenda na kurudi huchukua muda sawa. Mtandao wa simu ukilemewa upande mmoja, jibu hupotoka kidogo.

Kiasi cha kosa hutaja ugonjwa

Kabla ya kugusa mashine, fundi hutazama tofauti yenyewe:

- Tofauti ya saa tatu kamili: mashine imewekewa eneo la saa lisilo sahihi. Hili ndilo la risiti ya Kitale. Mtu aliweka 8:05 kwa mkono, mashine ikadhani hiyo ni UTC, ikaongeza saa tatu na kuchapisha 11:05.
- Tofauti ya saa sita kamili: kuna aliyechanganya saa za Kiswahili na za mashine. Saa mbili asubuhi huandikwa 08:00, si 02:00.
- Tofauti ya saa 12 kamili: asubuhi imechukuliwa kuwa jioni.
- Tofauti inayokua siku hadi siku: fuwele inapotoka na mashine haipati saa kutoka mtandaoni.
- Tarehe ya mwaka 1970, au saa ileile ya umeme ulipokatika: kifaa hakina betri ya kuhifadhi saa, au betri imekwisha. Linux huanza kuhesabu tarehe 1 Januari 1970.

Hili la mwisho ni la kawaida pale umeme unapokatika mara kwa mara. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu hutengenezwa bila betri ya saa. Umeme ukirudi, kifaa huamka bila kujua kimelala muda gani.

Fundi hufuata njia gani

Hatua ya kwanza ni kukiuliza kifaa chenyewe. Katika mifumo mingi ya Linux, amri ya timedatectl huonyesha saa ya kifaa, UTC, eneo la saa na kama saa imelinganishwa na seva. Eneo linapaswa kusomeka Africa/Nairobi.

Kama saa haijalinganishwa, hatua ya pili ni mtandao. Ujumbe wa NTP hupita kwenye mlango nambari 123 wa UDP. Ukuta wa usalama wa ofisi ukiufunga mlango huo, intaneti itaendelea kufanya kazi kama kawaida lakini saa itakosa mahali pa kuuliza. Laini ya simu iliyoishiwa data huleta matokeo hayohayo.

Hatua ya tatu ni kuangalia kama kosa limekuwa kubwa mno. Programu ya zamani ya NTP, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, hukataa kurekebisha na kujizima, isipokuwa fundi ameiruhusu wakati wa kuwasha. Tena, tovuti salama huwa na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini ni mwaka 1970 huona cheti bado hakijaanza kutumika, na hukataa kuunganishwa hata na mfumo wa malipo. Mtu huona "mtandao umeleta shida", kumbe shida ni saa.

Hatua ya nne ni kuhakikisha seva yenyewe inasema kweli. Mashine mbili za ofisi moja zinaweza kukubaliana sekunde kwa sekunde na zote zikawa zimekosea, kwa kuwa zinafuata seva moja mbovu. Ukiwa na seva mbili zinazopingana, huwezi kujua ipi ya kuamini. Wataalamu hushauri seva nne au zaidi, ili iliyokengeuka ionekane. Mahali pasipo mtandao, kipokezi cha GPS kinaweza kutoa saa kutoka kwa setilaiti.

Mwisho, saa ya mashine inayofanya kazi hairudishwi nyuma ghafla. Risiti nambari 51 ingeweza kuonekana kutolewa kabla ya nambari 50, na mkaguzi wa hesabu angekuwa na haki ya kuuliza maswali. Kwa kosa dogo, programu huipunguza au kuiongeza kasi saa hadi ilingane. Kosa kubwa hurekebishwa mara moja, mashine ikiwashwa na kabla haijatoa risiti.

Si suala la risiti pekee

Mto Nzoia hupita Trans Nzoia, ukateremka hadi Webuye na kuendelea kuelekea Budalang'i, ambako mafuriko yameharibu makazi mara nyingi. Vipimo vya maji vya juu ya mto huwasaidia watu wa chini pale tu inapojulikana maji yalipanda saa ngapi. Vifaa viwili vikipishana kwa saa tatu, makadirio ya kasi ya maji nayo hupotoka, na onyo linaweza kufika maji yakiwa mlangoni.

Mahakamani pia saa ina uzito. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hutaka ionyeshwe kwamba kompyuta iliyotoa rekodi ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo.

Mkazi afanye nini

- Soma saa na tarehe kwenye risiti kabla ya kuondoka. Kama si sahihi, omba irekebishwe hapo hapo.
- Ukilipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe wa uthibitisho. Una nambari ya malipo, tarehe na saa, na hautegemei saa ya mashine ya risiti.
- Ukiambiwa risiti ni bandia kwa sababu ya saa, omba nambari ya malipo ikaguliwe kwenye mfumo kabla ya kulipa mara ya pili.
- Ukichukuliwa hatua, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47 cha Katiba. Kifungu cha 35 nacho kinakupa haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazokuathiri.
- Ukiona mashine au kamera ya umma yenye saa isiyo sahihi, ripoti katika ofisi ya wadi. Taja mahali, saa iliyoonyeshwa na saa halisi. Tofauti hiyo ndiyo fundi ataanza nayo.