Ushindani au Tija? Istilahi katika Kazi ya Mshauri wa Uchumi

Mshauri wa maendeleo ya uchumi huitwa na serikali au wenye viwanda ili aeleze kwa nini jimbo moja hustawi na jingine hudumaa. Kazi hiyo hutegemea takwimu, lakini hutegemea pia maneno. Safari ya kikazi ya Michael Porter, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, yathibitisha jambo hilo.

Porter alianza na makampuni. Kitabu chake cha mwaka 1980 kilichambua namna kampuni inavyokabiliana na wapinzani wake. Mwaka 1983 alianzisha pamoja na wenzake kampuni ya ushauri, Monitor. Mwaka huohuo akateuliwa katika tume ya Rais Reagan iliyochunguza uwezo wa viwanda vya Marekani wa kushindana. Hivyo istilahi ya kampuni ikahamishiwa taifa zima.

Mwaka 1990 alitoa utafiti wa mataifa kumi. Humo alishikilia kwamba, kwa taifa, uwezo wa kushindana hauna maana nyingine ila tija, yaani thamani inayotokana na kazi na mtaji. Tija hukua katika kongano: viwanda vya fani moja, wauza vipuri, mafundi na vyuo vikikaa karibu na kusukumana. Wakati huo Monitor iliishauri serikali ya jimbo la Basque, Hispania, ambako viwanda vya chuma na meli vilikuwa vimedorora, na siasa ya uchumi ya jimbo hilo ikajengwa juu ya makongano.

Mwaka 1994 mwanauchumi Paul Krugman alipinga matumizi ya istilahi hiyo: mataifa hayashindani kama makampuni, kwani biashara yaweza kunufaisha pande zote mbili. Tena, kampuni hufilisika ikatoweka, taifa hubaki. Monitor yenyewe ilifilisika mwaka 2012, ikanunuliwa na Deloitte mwaka 2013, Basque ingalipo.

Kiswahili huifichua tofauti hiyo waziwazi. Kitenzi «kushindana» kimejengwa kwa «kushinda» na kiambishi cha kutendana: akiwapo mshindi, yupo mshindwa. «Tija» haidai mshindwa.

Jambo hili lawahusu wafasiri wa Kongo. Katanga, iliyogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015, ina shaba na kobalti tele. Lakini madini ni urithi wa ardhi, si tija. Ripoti ya Kifaransa inaposema «compétitivité», na mfasiri akaandika «ushindani» tu, msomaji wa Kolwezi au Likasi atauliza: tumshinde nani, na kwa mishahara midogo kiasi gani? Akiandika «tija», swali hugeuka: ni viwanda gani, mafundi gani na shule gani zizunguke mgodi? Neno moja laweza kuelekeza mjadala wa jimbo zima.