Miguu Inayokataa Kulala

"Daktari, si maumivu." Wengi huanza hivyo, halafu wanakwama. Mmoja atasema ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa, mwingine kama umeme, mwingine ataishia kusema miguu "inataka kwenda". Mchana akiwa shambani hana shida. Akiketi jioni, au akijinyoosha kitandani, ndipo inapoanza, na kinachomtuliza papo hapo ni kuinuka na kutembea. Basi saa nane za usiku anazunguka uani, mbwa wanambwekea, na huku kwetu Ukambani anayetembea usiku hadhaniwi mema.

Ni ugonjwa wa neva: sindromu ya miguu isiyotulia. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaupa jina na maelezo kamili mwaka 1945. Wanaoupata kabla ya miaka 45 mara nyingi wana mzazi au ndugu mwenye hali hiyohiyo. Hakuna eksirei inayouonyesha. Tunauliza tu: kuna hamu isiyozuilika ya kusogeza miguu? Inakuja ukipumzika? Inapungua ukitembea? Inazidi jioni na usiku? Jibu likiwa ndiyo kwa yote manne, tunaendelea, lakini kwa tahadhari. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, walikuta wagonjwa wachache mno kuliko wanaoripotiwa Ulaya. Mimi huchukua hilo kama onyo kwamba si kila mguu unaosumbua usiku una ugonjwa huu. Msuli wa shavu la mguu ukikaza ghafla na kuwa mgumu kama jiwe, huo ni mkakamao. Nyayo zikiwaka moto au kufa ganzi, na kutembea kusisaidie, kapime sukari kwanza.

Ikithibitika ndiyo yenyewe, swali langu la kwanza ni madini ya chuma. Ubongo huyahitaji ili dopamini, kemikali inayoratibu mwendo, ifanye kazi yake sawasawa, na chuma kikipungua ubongoni miguu ndiyo hulalamika. Hapa ndipo wengi hupotea njia, hata sisi wahudumu. Mgonjwa anaambiwa "damu yako ni kumi na tatu, uko sawa", anarudi nyumbani. Kipimo hicho ni cha himoglobini. Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini, na akiba inaweza kuwa imekwisha huku himoglobini bado inapendeza. Kwa miguu isiyotulia, feritini ikiwa 75 au chini tunaanza kurudisha chuma, ingawa maabara nyingi zitaiandika kuwa ya kawaida. Usiipime ukiwa na homa, maana maambukizi huipandisha ikakudanganya.

Chuma kinapotea wapi? Kwa mwanamke, hedhi nzito na mimba zinazofuatana. Kwa mtoto, safura. Kwa mzee, pengine ni zile dawa za goti anazomeza kila siku, zinazomtoa damu tumboni kidogo kidogo bila yeye kujua. Chanzo kikiachwa, tembe za chuma ni kujaza mtungi uliotoboka.

Halafu kuna chai. Kitui na Makueni zinaongoza nchini kwa ndengu, na kunde na mbaazi hazikosekani kwenye isyo, yaani githeri yetu, kwa hiyo mtu angetarajia chuma kiwe tele. Lakini chuma cha mikunde, nafaka na mboga hufyonzwa kwa shida, na kikombe cha chai kinachoshushia chakula hukikamata tumboni kabla hakijaingia mwilini, iwe ya maziwa au ya rangi. Sisemi uache chai, nani angenisikia? Isubiri saa moja au mbili. Mahali pake weka kipande cha embe au chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia, na msimu wa maembe Makueni hakuna kisingizio. Ndengu ziloweke usiku kucha, au ziache zichipue kidogo kabla ya kuzipika. Tembe za chuma nazo zinywe siku moja, uruke moja: mwili huzipokea vizuri zaidi hivyo, na tumbo halilalamiki sana. Choo kikiwa cheusi usiogope. Mjamzito, hata hivyo, aendelee na ile tembe ya kila siku anayopewa kliniki, yenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi. Ugonjwa huu humpata mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho na kwa kawaida huisha wiki chache baada ya kujifungua.

Swali la pili: unameza nini? Mtu asiyelala huenda duka la dawa akauziwa Piriton ili apate usingizi, na Piriton huichokoza miguu hii zaidi. Kadhalika dawa ya kuzuia kutapika iitwayo Plasil, amitriptilini, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Njoo na mfuko mzima wa dawa zako. Za akili usiziache bila kuongea na aliyekuandikia. Mgonjwa wa figo aseme mapema, hasa anayesafishwa damu, kwa sababu kundi hilo huathirika sana. Pombe ya jioni na muguka wa usiku sihitaji kuvieleza. Anayetafuna anajua analala saa ngapi.

Wakati chuma kinarudi, jambo linalochukua miezi, kuna mambo yanayopunguza makali: kunyoosha mashavu ya miguu kabla ya kulala, kukanda, kuloweka miguu kwenye maji moto. Kazi inayoshika akili husaidia pia. Kina mama wanaosuka viondo jioni hunieleza kuwa miguu hutulia mkono ukiwa kwenye mkonge, na drafti ya vizibo vya soda hufanya vivyo hivyo. Kwenye basi la Nairobi chagua kiti cha kando ya njia.

Wachache huhitaji dawa. Pramipeksoli hutuliza upesi, na hapo ndipo penye mtego: baada ya miezi au miaka usumbufu huanza mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi, na kuongeza dozi huuchochea. Madaktari wa usingizi wa Marekani waliishusha daraja katika mwongozo wao wa mwaka 2025, wakaitanguliza gabapentini na jamaa zake. Gabapentini huleta usingizi na kizunguzungu, na dozi yake hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Mwendesha bodaboda aimeze akishaegesha pikipiki, na asubuhi akiamka bado kichwa kizito, asiiwashe.