Mguu Mmoja Chini

Nilianguka Kalengera nikiwa nimesimama. Sikuwa nakimbia, na hapakuwa na gari mbele yangu. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, nikashika breki, pikipiki ikatulia, nikashusha mguu wa kulia kuitafuta ardhi. Ardhi haikuwepo. Upande ule mvua ilikuwa imeila barabara na kuacha mfereji wa kina cha kiganja kimoja, na kiganja hicho ndicho mguu wangu ulichokosa. Pikipiki ikaanza kulala taratibu. Ikishainama kupita kiasi fulani hakuna mkono wa mtu unaoizuia, hivyo ikalala, nami nikalala nayo. Mchungaji aliacha ng'ombe wake akaja kunisaidia kuinua.

"Pole mama," aliniambia. "Hii moto iko kubwa sana kwako."

Kimo changu ni mita 1 na sentimita 56, na maneno yale nimeambiwa na watu wengi: wauza pikipiki, mafundi, askari wa barabarani, hata na shemeji zangu. Niliyaamini miaka miwili mizima. Leo siyaamini, na nimeamua kuandika kuyahusu kwa sababu mtoto wa dada yangu, muuguzi pale Kiwanja, sasa anaambiwa maneno hayohayo. Tumelingana kimo, yeye na mimi. Amejiwekea akiba ya kununua pikipiki yake ya kwanza, na si pikipiki ya kubebea ndizi anayoitaka. Alikwenda Kampala kwenye arusi akaiona Kawasaki Ninja 400 ya kijani imeegeshwa nje ya hoteli, akaizunguka mara tatu. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Mama mdogo, nitafika chini?"

Ndilo swali wanaloanza nalo wafupi wote. Halina ubaya, ila lina upungufu.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kiti cha Ninja 400 kiko milimita 785 kutoka ardhini. Cha Yamaha R3, mpinzani wake wa siku zote, ni milimita 780. TVS Apache RTR 160 4V, ambayo vijana wa Goma wanaiita ya sport japo injini yake ni ndogo, kiti chake kiko milimita 800. Bajaj Pulsar NS200 ni 805, na Honda XR150L, ile ndefu iliyoumbwa kwa njia mbovu, ni 825. Ukizisoma namba hizi peke yake utadhani Ninja na R3 ndizo rafiki wa mfupi, na za kijijini ndizo adui.

Lakini mtu hapimwi kwa kimo chake chote. Kwenye pikipiki unapimwa mguu kwa ndani, tangu msamba mpaka kisigino. Vaa viatu utakavyoendeshea, simama ukiegemea ukuta, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha mwambie mtu apime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Wangu ulikuja sentimita 71. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana sentimita tano hapo, na sentimita tano kwenye pikipiki ni nyingi.

Kuna pia upana wa kiti. Kiti kipana kinayatanua mapaja, na kila paja linapokwenda nje, unyayo unapanda juu. Ndiyo maana kiti cha milimita 800 kilichochongwa chembamba mbele kinaweza kukufikisha chini kuliko cha 780 kilicho kipana kama benchi. Halafu springi. Kiwandani springi ya nyuma imewekwa kwa ajili ya mtu mzito kuliko sisi. Ukiwa na kilo 50 ukikaa haibonyei kama inavyopaswa, unabaki juu, na pikipiki inarukaruka kwenye mashimo. Fundi akilegeza ile pete ya springi kwa hatua moja au mbili unashuka kidogo na safari inakuwa laini. Ni kazi ya dakika chache na spana moja, na hakuna muuzaji aliyewahi kunidokezea.

Nilipomweleza haya, mpwa wangu alinionyesha picha ya Ana Carrasco kwenye simu. Alikuwa na haki ya kunionyesha. Mhispania huyu ana mita 1 na sentimita 55 tu. Mwaka 2018, akiendesha Ninja 400 hiyohiyo, alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300 kwa tofauti ya pointi moja katika mbio za mwisho kule Magny-Cours, Ufaransa, akawa mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za mpanda mmoja kwenye lami akishindana na wanaume. Mwaka 2020 alianguka Estoril, Ureno, akavunjika mifupa ya uti wa mgongo. Mwaka uliofuata alirudi na akashinda mbio Misano. Mwaka 2024 akachukua ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake. Kabla yake kulikuwa na Dani Pedrosa, mwanamume wa karibu mita 1 na sentimita 60, aliyeshinda mbio 31 za MotoGP juu ya mashine yenye uzito unaokaribia mara tatu ya wake. Yeyote anayesema mtu mfupi hawezi pikipiki yenye nguvu, hao wawili wameshamjibu.

Ila nikamwomba aiangalie picha tena. Carrasco yuko kwenye lami safi kama meza. Akisimama, wapo mafundi wa kumshikia pikipiki. Katika mbio nzima mguu wake hauigusi ardhi. Mtu mfupi akiwa mwendoni hana ufupi wowote, pikipiki inajisimamisha yenyewe. Ufupi unarudi pale unaposimama: mbele ya ng'ombe, kwenye kizuizi, nyuma ya lori la makaa lililokwama, kwenye foleni ya kuingia Goma. Na barabara yetu ya Goma hadi Rutshuru, mashariki mwa Kongo, kilomita kama 70, ni barabara ya kusimama.

Wasomaji wa mbali hawaijui, kwa hiyo nitaieleza. Kutoka Rutshuru unapanda, unapita Kalengera, Rumangabo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Virunga, Rugari, mpaka Kibumba kwenye baridi, halafu unateremka kupitia Kibati kuelekea Ziwa Kivu. Karibu na Goma unakanyaga mawe meusi ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, uji wake wa moto uliikata barabara hii, ukakaribia uwanja wa ndege. Ndani ya mji vichochoro vingi bado ni mawe ya 2002 yaliyosagwa nusu, makali, yanayoviringika chini ya unyayo kama maharage. Mwaka 2021 huohuo Uganda na Kongo zilizindua mpango wa kutengeneza barabara ya kutoka mpakani Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma, kilomita 89. Juni 2022 vita vikaichukua Bunagana, Oktoba vikafika Rutshuru na Kiwanja, na lami tuliyoahidiwa hatukuiona.

Kwa barabara hiyo, namba inayonitia hofu kwenye Ninja ni nafasi kati ya tumbo la pikipiki na ardhi: milimita 140. Apache ina 180. Tofauti ni upana wa vidole viwili na ushei, na jiwe la Kibati halihitaji zaidi ya hapo kupasua mfuko wa oili. Namba nyingine ni uzito. Ninja ina karibu kilo 168 ikiwa na mafuta, Apache karibu 145. Kilo 23 ni gunia dogo la viazi, na gunia hilo ndilo utakaloliinua peke yako siku ikilala njiani ambako hakuna mchungaji.

Hapo ndipo mafundi wanapoleta dawa yao. Tulikwenda Birere, mjini Goma, kwenye gereji ya mtu ninayemheshimu kwa kazi yake, na kabla hatujamaliza kueleza alishasema: "Hakuna shida, mama, tunaishusha." Kuishusha ni kubadilisha vyuma vinavyoshika springi ya nyuma, au kuzipandisha shokapu za mbele ndani ya mashikio yake, mpaka pikipiki yote iketi chini sentimita tatu, nne. Mjini Nairobi, kwenye lami, sina neno. Huku kwetu nakataa kabisa. Unakuwa umeuza nafasi ya chini, ambayo ndiyo inayokulinda na mawe, ili ununue raha ya kusimama. Ukishusha nyuma bila mbele, usukani unakuwa mzito kukata kona. Hata kile kigingi cha kuegeshea kinakuwa kirefu mno, pikipiki inasimama wima, upepo ukipita inaangukia upande wa pili. Nimeiona moja imelala hivyo mbele ya duka huko Majengo, kioo kimevunjika, na mwenyewe alikuwa ndani ananunua chumvi.

Badala yake tulimwomba apunguze sponji ya kiti. Alitaka kuikata juu. Nikamsihi akate mabega ya mbele, pale mapaja yanapopita, juu aguse kidogo tu. Alichora kwa chaki, akakata kwa kisu cha kuchongea viatu, akalainisha, akarudisha ngozi. Mpwa wangu akakaa. Kabla ya hapo alikuwa anagusa kwa ncha za vidole, sasa ile nyama ya mbele ya unyayo ilikuwa chini, pande zote mbili. Akavaa buti za mtumba zenye soli nene, akapata sentimita nyingine mbili. Uso wake ulibadilika, na fundi naye alitabasamu kama aliyefumbuliwa fumbo.

Hata hivyo nisingependa aondoke na imani kwamba lazima miguu yote miwili ifike. Huko ndiko kosa langu la Kalengera lilikozaliwa. Watoto wa Kibumba wanalijua hili bila kufundishwa, kwa sababu wamekua wakiwatazama wanaume wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, wakiteremka na makabichi na makaa. Mwenye chukudu ana mguu mmoja juu ya ubao na mmoja wa kusukumia, hajawahi kuhitaji miwili chini kwa wakati mmoja. Kwenye pikipiki ni vivyo hivyo. Unasimama kwa mguu wa kushoto. Wa kulia unabaki juu ya breki ya nyuma, kwa sababu kwenye mwinuko mguu ukitoka hapo pikipiki inarudi nyuma. Makalio unayasogeza kushoto kidogo kwenye kiti kabla ya kusimama, na ghafla mguu mmoja una urefu ambao miwili haikuwa nao. Macho yanachagua mahali pa kukanyaga mita kumi kabla, kama unavyochagua jiwe la kuvukia mto.

Mimi nilishusha wa kulia. Na Kongo tunaendesha mkono wa kulia, kwa hiyo ukingo wa barabara, unaoliwa na mvua na kumomonyoka, uko kulia kwetu daima. Kushoto ni mgongo wa barabara, sehemu ya juu. Ardhi niliyokuwa naitafuta ilikuwepo muda wote, upande wa pili wa pikipiki.

Mpwa wangu amenunua Apache, ndiyo ile iliyochongwa kiti Birere. Alilipa kwa simu, kidogo kidogo, maana benki za Goma zilifungwa Januari 2025 na akiba yake ilikuwa imelala humo kwenye simu. Ninja ameiacha si kwa sababu ya miguu yake. Ameiacha kwa sababu ya milimita 140, ya petroli ya makadafi, wachuuzi wanaoiuza kwenye madumu na chupa kando ya njia, ya vipande vya plastiki ambavyo vikivunjika inabidi vifuatwe Kampala. Na ameiacha kwa sababu kitu king'aacho namna ile kwenye barabara yenye bunduki kinaonekana kutoka mbali. Hilo la mwisho alilisema yeye, kwa sauti ya chini, sikuongeza neno.

Jumamosi mbili tumekuwa uwanjani, injini imezimwa, tukijifunza kuiinua. Tunailaza kwenye nyasi. Anaweka gia ya kwanza ili isiteleze, anageuka akaipa mgongo, anachuchumaa makalio yakiwa yamegusa kiti, mkono mmoja kwenye usukani uliokunjwa, mwingine kwenye chuma cha nyuma, kisha anatembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Nguvu inatoka mapajani, mikono inashika tu. Mara ya kwanza haikutikisika. Mara ya tano ilisimama, na watoto waliokuwa wanacheza mpira wakapiga makofi. Aliilaza tena bila kuambiwa.

Jana alinipigia kutoka Kiwanja. Njia ikitulia anataka kwenda Kisoro kumwona rafiki yake waliyesoma naye, na amekuwa akifikiria. "Mama mdogo," akasema, "nikivuka Bunagana, kule Uganda wanaendesha kushoto. Ukingo unaomomonyoka si utakuwa upande wa mguu wangu?"

Nilikaa na simu sikioni. Nimevuka Bunagana mara nyingi na sikuwahi kulifikiria. Nikamwambia asimame karibu na mgongo wa barabara, asikubali kusukumwa pembeni na malori, na aanze kuzoea mguu wa kulia uwanjani, akishikilia breki ya mkono. Akaniambia alishaanza.