Kadhi Hayupo, Sheria Ipo

"Wakili, sisi Waislamu wa huku mirathi yetu tuipeleke wapi, na Mahakama ya Kadhi hatuna?" Nimeulizwa swali hili Mwanjelwa, nikaulizwa Tukuyu, nikaulizwa Kihesa baada ya swala ya Ijumaa. Mara nyingi muulizaji ni mjane, na pembeni yake amesimama shemeji anayejua fika jibu analolitaka. Langu halijabadilika: ipelekeni Mahakama ya Mwanzo, hiyo hiyo mnayopita mbele yake mkienda sokoni.

Ubishi huanzia hapo. "Hakimu Mkristo atajuaje mambo yetu?" Atajua kwa sababu ni kazi yake. Hakimu wa Kihaya akipangiwa Mafinga husikiliza mashauri ya mila za Kihehe, na sijamsikia mtu akidai kwanza atahiriwe upya Kihehe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Imo katika kifungu cha 18, na utaratibu wake umo katika Jedwali la Tano. Haikuandikwa kwa ajili ya Tanga na Kilwa peke yake.

Ni kweli kwamba Tanzania Bara ilikuwa na makadhi wa serikali, na mfumo huo ukafutwa na sheria ya mahakama ya 1963. Ni kweli pia kwamba Zanzibar wanao mpaka leo, na Kenya imewaweka ndani ya Katiba yake ya 2010. Augustine Mrema alilifikisha suala hili bungeni 1998, CCM ikaligusa katika ilani ya 2005, na muswada wa kuitambua mahakama hiyo ukakwama 2015. Madai hayo yana hoja zake na wenye kuyadai wana haki ya kuendelea. Ninachokikataa ni hitimisho la mtaani: kwamba kwa kuwa mahakama ya Kadhi imefutwa, sheria ya Kiislamu nayo imefutwa. Kilichofutwa ni kiti cha hakimu. Sheria ilibaki, ikahamia meza nyingine.

Na kwa kuwa watu wameamini haipo, wamejitafutia dawa ya kienyeji: karatasi ya sheikh. Familia inakaa, sheikh anapiga hesabu, karatasi inagongwa mhuri, watu wanasoma dua wanatawanyika. Hesabu yenyewe mara nyingi ni sahihi kabisa. Lakini ipeleke benki uone. Ipeleke ofisi ya ardhi. Watakuuliza barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na huna. BAKWATA, iliyozaliwa hapa hapa Iringa Desemba 1968, ina nafasi yake kisheria: mabaraza yake husuluhisha migogoro ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 kabla shauri halijafika mahakamani. Karatasi ya mgawanyo wa mirathi si hukumu. Hakimu anaweza kuisoma kama maoni ya mtu anayeijua fani, basi. Anayeitegemea kama hukumu atakuja kushtuka siku shemeji anapouza shamba.

Maana shemeji hasubiri Kadhi. Yeye anaitisha kikao cha ukoo. Sisi Waislamu wa Mbeya na Iringa ni wachache, na ukoo mmoja mara nyingi una Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na nyumba moja ya Kiislamu. Katika kikao hicho marehemu anageuka ghafla: jana alikuwa Hamisi, leo ni mtoto wa ukoo tu na shamba ni la ukoo. Nao wakiingia na Tangazo la Sheria za Kimila la 1963, linalohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane ameumia: humo hana fungu iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na wanawe. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliikosoa Tanzania kwa sababu ya sheria hizo hizo, kufuatia malalamiko ya wajane wawili.

Sasa piga hesabu ya upande wa pili. Marehemu ameacha ekari 16 za parachichi, mke mmoja, wana wawili na binti watatu; wazazi wake walishatangulia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane anachukua thumuni, ekari 2. Zinabaki 14: kila mwana 4, kila binti 2. Shemeji? Hana kitu, wana wapo. Ndiyo maana hapendi kusikia habari ya Mahakama ya Mwanzo.

Sheria gani itumike, haiamuliwi na kabila wala na anayepaza sauti kikaoni. Sura ya 358 ya sheria zetu inamtaka hakimu aangalie marehemu alivyoishi na alichokusudia kwa kauli au maandishi yake. Mwaka 1969, katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, marehemu alikuwa Mngoni, lakini Mahakama Kuu ilitazama maisha yake ikasema mila za Kingoni hazihusiki. Yeye hakuwa Mwislamu. Kipimo ni kile kile. Kwa hiyo jina la Kiarabu pekee halitoshi, na jina la ukoo linaloanza na Mwa- halikupotezei haki.

Mengine ni ya kutenda. Chukua cheti cha kifo RITA. Fungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, na useme tangu siku ya kwanza kwamba unaomba sheria ya Kiislamu. Peleka cheti cha ndoa, imamu, na jirani Mkristo aliyemwona akifunga Ramadhani. Ushahidi wake una uzito. Muhtasari wa ukoo unasaidia, lakini si sharti la kisheria, kwa hiyo shemeji akigoma kusaini usikae kumbembeleza. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu. Hukuridhika, kata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Huna pesa ya wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017; itumie.

Na wewe uliye hai, andika wosia. Mama yako Mlutheri hatakurithi kwa sheria ya Kiislamu, lakini unaweza kumwandikia hadi theluthi ya mali yako. RITA wanatunza wosia. Andika wiki hii, kisha njoo uniulize swali jingine.