Kodi ya Jengo Imfuate Mwenye Jengo

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo nchini Tanzania hukatwa mteja anaponunua umeme wa kulipia kabla, yaani LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kiwango hicho hakibagui: nyumba ya kifahari isiyo ya ghorofa Masaki, Dar es Salaam, na nyumba ya bati kwenye senta ya Ulyankulu, wilayani Kaliua, mkoani Tabora, zinakatwa sawasawa. Sheria inamtaja mlipaji wazi, naye ni mmiliki wa jengo. Lakini mita haimtambui mmiliki. Inamtambua aliyeingiza tokeni, na katika nyumba ya kupanga huyo ni mpangaji. Hoja ya makala haya ni kwamba mita ni chombo kizuri cha kukusanyia fedha lakini ni chombo kibovu cha kuamua nani alipe, na kwamba mwenye nyumba ya pili au ya tatu anapaswa kubeba mzigo ambao leo anauacha mlangoni kwa mwingine.

Tuanze na haki ya mfumo wenyewe. Kabla ya LUKU, wamiliki wengi hawakulipa kabisa, na kumfuata kila mmoja kwa ankara kungeweza kugharimu zaidi ya kodi yenyewe. Mita imemaliza kazi hiyo kwa gharama ndogo. Sheria pia ina huruma ndani yake: inasamehe nyumba za udongo na tembe, makazi yanayojulikana vyema Unyamwezi, na inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato kwa nyumba moja anayoishi. Msamaha huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Serikali yenyewe imekiri kwamba nyumba ya kuishi si sawa na nyumba ya kuingiza pesa. Kilichobaki ni kulifuata wazo hilo hadi mwisho wake.

Hivi sasa halifuatwi. Kodi isiyokatwa hujilimbikiza kama deni kwenye mita. Nyumba ikikaa tupu miezi minne bila umeme kununuliwa, mpangaji mpya akinunua tokeni za kwanza atakuta deni la shilingi 6,000 la miezi ambayo hakuwepo. Kwa utaratibu, anaweza kumdai mwenye nyumba au kukatana naye kwenye kodi ya pango. Kwa hali halisi, mtu anayepanga chumba kwa maneno ya mdomo, bila mkataba, hana karatasi ya kumshikia mwenye nyumba wake. Penye mita zaidi ya moja katika jengo moja, ni wajibu wa mmiliki kwenda kutoa taarifa ili akatwe mara moja tu. Asipokwenda, wanaoumia ni wapangaji.

Historia ya Tabora inatufundisha kuliona kosa hili mapema. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu, walimpinga na kumwondoa madarakani karibu mwaka 1860: wenye uwezo walikataa, na mtawala ndiye aliyeanguka. Wajerumani walipita njia nyingine. Kwa amri ya mwaka 1897 walitoza rupia tatu kwa kila kibanda, kwa sababu kibanda hakikimbii na ni rahisi kukihesabu. Hawakuuliza aliye ndani anapata nini. Wengi wa watu wa bara wakalazimika kwenda kufanya kazi za ujira mashambani ili wapate fedha ya kodi. Kodi inayomtafuta anayefikika kirahisi badala ya anayeweza kulipa huishia kwa mnyonge, hata mtozaji akiwa na nia njema. Msemo wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi ulisifu nguvu za wapagazi wa misafara; haukuwa ruhusa ya kumtwisha kila mnyonge mzigo wa mwenzake.

Majirani wamepata njia. Nchini Uganda, Sheria ya Ukadiriaji ya mwaka 2005, baada ya marekebisho yake, huiondolea kodi nyumba anayoishi mmiliki mwenyewe, na mzigo hubaki kwa majengo ya kupangisha na ya biashara. Kampala kiwango ni asilimia 6 ya thamani ya pango kwa mwaka. Uingereza nako, ambako kodi ya halmashauri kwa kawaida hulipwa na anayeishi ndani, mwenye nyumba ndiye anayewajibika pale vyumba vinapopangishwa kimoja kimoja. Tangu Aprili 2025 halmashauri za England zinaruhusiwa kutoza nyumba ya pili hadi mara mbili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mwenye nyumba akitozwa ataongeza pango. Huenda akajaribu. Lakini pango hujadiliwa: mpangaji analiona, analilinganisha na la jirani, na anaweza kuhama. Makato ya mita hayajadiliwi. Pingamizi la pili ni kwamba shilingi 1,500 ni ndogo. Ni ndogo kwa mwenye nyumba tatu, si kwa kibarua anayenunua umeme wa shilingi 2,000. Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kwa Ulyankulu. Makazi haya yaliundwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, na wengi wao wamepata uraia baada ya uamuzi uliogusa watu wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ikiwa hati za ardhi ni chache, mmiliki atajulikanaje? Jibu ni kwamba kodi hii ni ya jengo, na jengo lina mtu anayejulikana mtaani. Orodha inayoandikwa na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, ikathibitishwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), inatosha kuanzia, mradi isigeuzwe kuwa ushahidi wa kumnyima mtu ardhi yake.

Kwa hiyo mita ibaki, lakini kila mita iungwe na namba ya mmiliki. Nyumba anayoishi ilipiwe kwa kiwango cha sasa. Nyumba ya pili na za kupangisha zilipiwe zaidi, kwa namba ya malipo inayokwenda kwenye simu ya mmiliki, si kwenye tokeni za mpangaji. Deni la miezi nyumba ilipokuwa tupu lisihamie kwa mgeni. Na sehemu ya fedha hizo, iliyotajwa kwa kiasi chake, irudi Halmashauri ya Wilaya ya Kaliua, na taarifa yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata. Mwenye nyumba atakayeona barabara ya mbele ya jengo lake imechongwa kwa kodi yake atakuwa na sababu ya kulipa, na mpangaji wake atakuwa amelipa anachodaiwa, basi.