Makaburi ya ukoo hayamo kwenye GPS, yatie mwenyewe

Ukiandika Fort Jesus kwenye kifaa cha GPS cha gari, kitakufikisha mlangoni. Ukiandika jina la hoteli kubwa ya Diani au Watamu, hali kadhalika. Sasa jaribu msikiti mdogo ulio ndani ya minazi, au zahanati iliyo nyuma ya shule ya msingi, au makaburi ya ukoo kule Matuga. Kifaa kitakaa kimya. Ramani nyingi zimemfikiria mgeni anayetafuta pa kulala, si jamaa anayekwenda kuzika.

Nataja kuzika kwa sababu. Shemeji yangu ni dereva wa gari la maiti la msikiti mmoja huku Kisauni. Sisi Waislamu hatuchelewi na maiti: mtu akifariki asubuhi, mara nyingi huzikwa baada ya adhuhuri au alasiri ya siku ile ile. Dereva anapigiwa simu: "Njoo ami, ukifika penye mwembe kata kushoto, halafu uulizie kwa Mwalimu." Mwembe wenyewe ulikatwa zamani, na aliyepiga simu analia. Kaburi limeshachimbwa, watu wanangoja, jua linateremka, na gari linazunguka kwenye njia za mchanga likiuliza watoto. Makaburi ya Kikowani kila mtu mjini anayajua. Tabu ni haya mengine.

Wengi hawajui kwamba kifaa kinakubali kutiwa sehemu zako mwenyewe. Nitaeleza kwa vifaa vya Garmin, maana ndivyo ninavyovijua. Kampuni hiyo hutoa bure programu iitwayo POI Loader, ya kompyuta ya Windows au Mac. Huna kompyuta? Nenda saiba na waya wako wa USB. Kazi ya programu ni moja tu: kuchukua orodha yako na kuitia ndani ya kifaa.

Orodha yenyewe ni faili la maandishi ya kawaida, la aina ya CSV, ambalo hata Excel hulitengeneza. Kila mahali pana mstari wake: longitudo, koma, latitudo, koma, jina, na ukipenda koma nyingine na maelezo mafupi. Fort Jesus kwa mfano ingeandikwa hivi:

39.6796,-4.0629,Fort Jesus

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hivyo soma polepole. Ukibonyeza na kushikilia mahali kwenye Google Maps, simu inakupa latitudo kwanza, yaani -4.0629, kisha longitudo. Faili la Garmin linataka kinyume chake, longitudo itangulie. Ukinakili kama ulivyopewa, Fort Jesus yako itahamia Uhispania, karibu na mji wa Toledo, ule uliokuwa Tulaytula enzi za Andalusi. Historia nzuri, lakini hakuna barabara ya kutoka Nyali kwenda huko.

Kosa la pili ni alama ya kutoa. Pwani yetu yote, kuanzia Lungalunga hadi Kiunga, iko kusini mwa ikweta, kwa hivyo latitudo zetu zote zina alama hiyo mbele. Ukiisahau, kifaa kitakupeleka ng'ambo ya Moyale, ndani ya Ethiopia. Kosa hili ni baya kuliko lile la kwanza kwa sababu Ethiopia barabara ipo, na kifaa kitakupangia safari bila hata kukuuliza.

Usikate tarakimu pia. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ukiacha tarakimu mbili tu baada ya nukta, unaweza kukosea kwa zaidi ya nusu kilomita, na katika Mji wa Kale hiyo ni mitaa mingapi? Tarakimu nne zinakuweka ndani ya mita chache. Tano ni bora.

Njia ninayoipenda mimi ni kwenda mahali penyewe, kusimama pale gari linapoingilia, na kuhifadhi sehemu hiyo. Nasema pale gari linapoingilia, si juu ya paa. Kifaa huitafuta barabara iliyo karibu zaidi na sehemu uliyoiweka. Nyumba ikiwa ukingoni mwa maji pale Mtwapa au Tudor, barabara ya karibu kwa mstari ulionyooka yaweza kuwa ya ng'ambo, na dereva atafika akupungie mkono kutoka upande wa pili.

Jina la faili ndilo litakalokuwa jina la kundi kwenye kifaa. Kwa hivyo fanya faili la Makaburi, la Misikiti, la Zahanati, na la nne la Matuta. Hilo la matuta nalisisitiza, maana tuna matuta yasiyo na rangi wala kibao, na mjamzito akiwa kiti cha nyuma usiku, tuta si jambo dogo. Wakati wa kutia, programu inakuuliza kama unataka njia ya haraka au ya mkono. Chagua ya mkono, chagua mita na kilomita, na kwenye Matuta weka onyo la mita 200. Kifaa kitalia kabla hujafika.

Mtu ataniambia simu yatosha. Mjini yatosha, na aliyepakua ramani mapema hata nje ya mji atafika. Lakini simu hiyo hiyo ya dereva ndiyo inayopigwa na wafiwa njia nzima, na betri ina mwisho. Kifaa cha gari hupokea ishara za setilaiti bila bando, kimetiwa umeme wa gari, na hakipigiwi na mtu.

Jambo la usalama: usiweke sehemu yenye jina "Nyumbani" juu ya mlango wako. Gari likiibwa, mwizi ana kifaa na ana njia. Weka duka la jirani.

Ukimaliza, sehemu zako utazipata kwenye orodha ya kutafutia mahali, chini ya Custom POIs. Jaribu moja unayoijua kabla ya kutegemea usiyoijua. Na weka mafaili yote katika folda moja kwenye kompyuta, maana ukitia tena mwezi ujao, programu hufuta yale ya zamani na kuweka mapya tu. Anayetia faili jipya la Zahanati peke yake atakuta Makaburi hayapo. Nakala ya folda hiyo mpe na katibu wa msikiti.